Klampu Ikivuja, Usikimbilie Spana

Klampu, yaani kifungo cha chuma chenye mpira ndani kinachounga au kufunika bomba la maji, ikianza kuvuja, jambo la kwanza ambalo mafundi wengi hufanya ni kuongeza nguvu kwenye spana. Nguvu ikiisha, wanavisha mkono wa spana kipande cha bomba ili wapate urefu zaidi. Maji yanapungua, watu wanafurahi, mtaro unafukiwa. Baada ya majuma machache tope limerudi palepale, na safari hii bolti zimevutika na vichwa vyake vimeliwa hata spana haizishiki vizuri.

Kazi yangu ni mabomba ya maji, hasa huku mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia na Tororo hadi miteremko ya Bugisu. Jambo ninalotaka mafundi wenzangu na kamati za maji walishike ni hili: bolti haizibi maji. Kinachoziba ni mpira, na mpira unaziba kulingana na mahali ulipokalia. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia uvujaji inafanyika kabla bolti ya kwanza haijaguswa.

Klampu ni za aina nyingi. Kuna ile ya vipande viwili vizito vya chuma ambavyo meno yake yanaingia kwenye mifereji iliyochongwa karibu na ncha za mabomba. Mtindo huo ulianza Uingereza mwaka 1919 kwa kazi ya Ernest Tribe, mhandisi wa jeshi, na ndio uliozaa kampuni ya Victaulic. Utaikuta kwenye nyumba za pampu, viwandani, na kwenye mabomba ya zimamoto ya majengo marefu ya Kampala. Kuna kapulingi, yaani kiungio cha mabomba, yenye kipande cha mviringo cha chuma katikati, pete mbili pembeni, na bolti ndefu zinazovuta pete hizo zikaribiane. Halafu kuna ile ya bati la chuma kisichoshika kutu, yenye mpira wa vijumba-vijumba ndani, ambayo wengi tunaitumia kufunika bomba lililopasuka. Maumbo yanatofautiana, lakini kazi ya mpira ni ileile.

Chukua gasketi, yaani ule mpira, ya klampu ya mifereji uitazame kwa upande. Utaona umbo la herufi C, na midomo miwili imeangalia ndani. Maji yakiingia kwenye uwazi ule wa C yanaisukuma midomo ikaze zaidi juu ya bomba. Presha yenyewe inasaidia kuziba, ila kwa sharti moja: mdomo uwe umegusa bomba pande zote tangu mwanzo. Pakiwa na gamba la kutu, rangi iliyovimba au mshono wa bomba uliosimama, maji yanapata njia chini ya mdomo, na hapo presha inageuka kuwa adui. Kumbuka pia kwamba mpira haupungui ujazo ukiubana. Unahama tu kutafuta nafasi. Ukikaza kupita kiasi, unatokeza kwenye nyufa kati ya vyuma, unakatwa, halafu unabaki bapa na kupoteza ile hamu ya kurudi nje. Mpira uliokwisha lala hivyo hauzibi tena hata ukaze kwa mashine.

Basi tuanze na kipimo, maana makosa mengi niliyokutana nayo yanaanzia dukani. Mtu anafika Nabugabo, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala, au kwenye maduka ya Mbale na kusema, "Nipe klampu ya inchi nne." Inchi nne ya nini? Bomba la chuma la inchi nne lina kipenyo cha nje cha milimita 114.3. Bomba la plastiki, la PVC au HDPE, ambalo watu wanaliita inchi nne lina milimita 110. Kwa inchi mbili, chuma ni 60.3 na plastiki ni 63, yaani hapo plastiki ndiyo nene. Tofauti ya milimita tatu au nne inaonekana ndogo machoni, lakini kwa mpira ni kubwa. Klampu iliyo kubwa mno itakazwa mpaka vyuma vigusane kabla mpira haujabanwa vya kutosha, na iliyo ndogo itaukunja mpira.

Kama huna kalipa ya kupimia kipenyo, zungushia bomba tepu ya kupimia, soma mzingo, gawa kwa 3.14. Chuma cha inchi nne kitakupa mzingo wa karibu milimita 359, na PVC ya 110 itakupa karibu 346. Tofauti hiyo ya milimita 13 hata tepu ya fundi seremala inaiona. Pima sehemu mbili tatu, kwa sababu bomba la plastiki lililolala juani au chini ya mzigo huwa limekuwa yai. Andika namba kwenye karatasi uende nayo dukani, kisha usome kiwango cha vipenyo kilichoandikwa kwenye klampu yenyewe. Usikubali maneno ya "hii itaingia tu". Ninalisema kwa uchungu kwa sababu kuna mstari mmoja bondeni Manafwa ambako chuma kikuukuu kiliungwa na PVC kwa klampu moja ya upande wa chuma. Upande wa plastiki ulijazwa vipande vya tyubu ya gari. Kila baada ya mvua kubwa wanakijiji walikuwa wakikosa maji, na kila mara lawama ilikwenda kwa mvua. Ilipowekwa kapulingi ya hatua, ile iliyotengenezwa kushika vipenyo viwili tofauti, habari ya kuvuja iliisha.

Na tuseme wazi kuhusu tyubu. Ni nyembamba, haina umbo la kuikalia klampu, na inateleza ikibanwa. Kwa dharura ya usiku mmoja nitakuelewa. Kuifukia ardhini chini ya mita moja ya udongo, hapana.

Baada ya kipimo ni uso wa bomba, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi kuliko popote. Chimba vya kutosha kwanza, hadi chini ya bomba, ili mkono upite kuzunguka lote. Fundi anayeona nusu ya juu tu ya bomba anasafisha nusu ya juu tu, na uvujaji unachagua nusu ya chini. Sugua kwa burashi ya waya, kisha msasa, upana wote ambao mpira utalalia na kidogo zaidi kila upande. Halafu fumba macho upitishe vidole, maana kidole kinahisi mkwaruzo ambao jicho halioni. Mkwaruzo unaozunguka bomba hausumbui sana. Unaokwenda kwa urefu wa bomba ndio mbaya, kwa sababu ni mfereji mdogo unaopeleka maji moja kwa moja kutoka ndani hadi nje chini ya mpira.

Mabomba ya chuma yenye mshono, punguza mshono kwa tupa mpaka ulingane na uso wa bomba, lakini usichonge zaidi ukaacha bapa. Mashimo ya kutu yaliyoingia ndani yajaze gundi ya chuma ya kuchanganya, iache ikauke kabisa, kisha uisawazishe kwa msasa. Kama kutu imekula mpaka bomba linabonyea, usipoteze klampu hapo. Kata uende mbele mpaka ufike kwenye chuma kizima. Ncha za mabomba zikatwe wima, makali yaondolewe, kwa sababu ncha kali huchana mdomo wa gasketi wakati wa kuingiza na hutajua mpaka maji yafunguliwe.

Kisha sabuni. Mpira mkavu haukai, unakwama mahali pamoja na kuburutwa mahali pengine, na mwisho unajikunja na kubanwa kati ya vipande viwili vya klampu. Upake kilainishi cha mabomba, na ukikikosa, maji ya sabuni ya kawaida yanatosha. Usitumie grisi, oili ya injini wala Vaseline. Gasketi nyingi za maji zimetengenezwa kwa EPDM, na mpira huo unavumilia maji, jua na joto vizuri lakini mafuta yanayotokana na petroli yanauvimbisha na kuulegeza. Kwenye mabomba ya mafuta ni kinyume chake: huko unatafuta mpira wa nitrile. Kwa gasketi za Victaulic, mstari wa kijani ni EPDM na wa rangi ya chungwa ni nitrile. Usichanganye.

Weka alama kwenye mabomba kabla ya kufunga. Pima urefu wa klampu, gawa kwa mbili, chora mstari kwa umbali huo kutoka kila ncha. Klampu ikikaa kati ya mistari hiyo miwili, unajua kiungo kiko katikati ya mpira. Bila alama unabahatisha. Na mabomba yawe yamenyooka yenyewe kwa kuegemezwa kwenye udongo uliopangwa, siyo kwa kuvutwa na bolti za klampu. Klampu ikilazimishwa kunyoosha bomba, upande mmoja wa mpira unabanwa sana na mwingine unaachwa wazi.

Kukaza kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Zungusha nati zote kwa mkono kwanza, kisha spana, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, ukitazama uwazi ulingane pande zote. Klampu za mifereji nyingi hukazwa mpaka chuma kiguse chuma, na hapo unasimama. Nyingine zina nguvu ya kukazia iliyoandikwa na mtengenezaji. Klampu za bati ziache dakika kumi au kumi na tano mpira utulie, kisha urudie bolti zote kwa zamu. Bolti za chuma kisichoshika kutu zipake kilainishi cha nyuzi, maana nati na bolti za aina hiyo hung'ang'aniana kavu, na utadhani umekaza kumbe nati imekwama tu.

Bomba jeusi la HDPE lina tabia zake. Ni laini, na likibanwa kwa muda linaingia ndani polepole, klampu inalegea bila mtu kuigusa. Dawa yake ni kuweka ndani ya ncha ya bomba kipande cha chuma cha kulitegemeza kabla ya kufunga kapulingi ya nje. Tena linatanuka na kusinyaa sana: kila mita moja hubadilika kati ya milimita 0.15 na 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 100 zilizolazwa saa saba mchana, zikija kupoa nyuzi 20 ndani ya udongo, zinaweza kutafuta kufupika kwa sentimita 30 hadi 40. Zikifungwa kwa kapulingi isiyoshika bomba, zinachomoka. Laza kwa mawimbi kidogo ndani ya mtaro, funika sehemu za katikati, acha bomba lipoe, funga viungo asubuhi.

Hapo kwenye kuchomoka kuna watu wameumia. Kapulingi nyingi zinaziba lakini hazishiki. Bomba la chuma la inchi nne lenye presha ya baa 10 linasukumwa kwenye kona au mwisho wake kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja. Hakuna mpira unaozuia hilo. Weka zege kwenye kona na kwenye ncha, au nunua kapulingi yenye meno ya kushikilia.

Huku milimani presha haihitaji pampu. Kila mita 10 za kushuka wima ni karibu baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 80 juu ya bonde linakupa baa 8 kwenye klampu ya chini. Na kilele chake ni usiku, wakati koki zote za vijijini zimefungwa. Ndiyo maana mama mmoja wa kamati aliniambia, "Fundi, mchana hapa ni pakavu, lakini alfajiri nakuta tope." Hakukosea hata kidogo. Mchana watu wanachota, presha inashuka, mpira dhaifu unajikaza.

Lakini wakati unaonitia wasiwasi zaidi ni ule ambao maji hayapo. Mgao ukikata maji, maji yaliyobaki ndani yanapotelemka kujimwaga bondeni bomba linavuta hewa, na kiungo kilichokuwa kikitoa maji kinaanza kuyanywa ya mtaroni. Kama jirani kuna choo cha shimo au mfereji wa soko, huo ndio uchafu utakaofika kwenye jerikeni ya mtoto maji yakirudi. Anayesema klampu inayotoa matone si shida aende akatazame kilichomo ndani ya mtaro huo.

Kwa hiyo usifukie siku hiyohiyo. Funika katikati ya mabomba, acha viungo wazi. Jaza maji polepole huku hewa ikitolewa sehemu ya juu, kisha pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kazi, mradi bomba lenyewe limeandikwa kuvumilia kiwango hicho. Tandika tishu kavu chini ya kila klampu. Tone dogo ambalo jicho halilioni kwenye udongo wenye unyevu linaonekana mara moja kwenye tishu. Rudi alfajiri uzitazame tena. Ukikuta imelowa, shusha presha kwanza ndipo ukaze, na ukaze kidogo. Ikiendelea, fungua klampu utazame mpira, kwa sababu alama ya tatizo itakuwa imechorwa juu yake: mkunjo, mkato, chembe ya mchanga, au sehemu inayong'aa ambayo haikugusa bomba.

Viungo vikiwa vikavu, zungushia klampu kaveera (mfuko wa plastiki) nene nyeusi kuziepusha bolti na udongo, halafu ufukie kwa udongo usio na mawe. Mwachie mtunza bomba wa kijiji gasketi mbili za akiba za kipimo kilekile, ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye sanduku lenye giza, zikiwa zimelala bapa. Zisitundikwe kwenye msumari, kwa sababu mpira uliovutwa na uzito wake mwenyewe mwaka mzima haurudi umbo lake. Juu ya mfuko andika kipenyo cha nje cha bomba kwa milimita, siyo kwa inchi.