Mwanangu Zaituni, nilinyamaza nikiwa na jibu

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu Zaituni,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako niliupata siku ile ile uliporudi Kampala. Sikuujibu kwa simu kwa sababu jibu lake ni refu na nilitaka kulitafuta vizuri. Uliandika: "Baba, shangazi aliponiita jike dume mbele ya watu, ulikuwa umekaa hapo hapo na hukusema neno. Nataka kujua, ukinitazama sasa unaona nini? Unaona aibu?" Ni swali la haki. Nitalijibu lote, pamoja na hilo la kunyamaza.

Kwanza ujue kwamba niliona. Sufuria ya pilau, ile kubwa ya kukodi, ilikuwa mekoni, na vijana waliotakiwa kuiteremsha walikuwa bado wanaitana. Ukakunja matambara mawili, ukapanua miguu, ukashuka kwa magoti mgongo ukiwa umenyooka, ukaiinua na kuitua pembeni bila kumwaga hata punje. Mkono wa gauni ulikuwa umepanda juu ya kiwiko. Hapo ndipo shangazi yako aliposema, "Tazameni mikono hiyo! Jike dume. Bega kama lile nani atalioa?" Wanawake wakacheka, wanaume tukatazama mkeka. Baada ya nusu saa sote tulikuwa tunakula pilau lile lile.

Nilinyamaza kwa woga. Watu wa posa walikwisha tuma salamu kwamba wanakuja, na jamaa zao wawili walikuwa wamekaa nasi. Nikahofia maneno yatafika kwao kabla wao hawajafika kwetu, na kwamba nikimjibu dada yangu hadharani nitalikuza jambo. Nikazungusha tasbihi yangu, nikakuacha umesimama peke yako kando ya moto. Hilo ni kosa langu, mwanangu. Niwie radhi.

Sasa swali lenyewe. Nikikutazama ninamwona bibi yako.

Wewe ulimkuta mzee, anaota jua na kusuka mikeka. Mimi nilimjua akiwa na umri kama wako. Mwezi wa Aprili 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, sisi Wanubi, tuliohesabiwa kuwa watu wake, tulijua hatutasalimika, hata wale ambao hawajawahi kushika bunduki. Tulipanda kaskazini kwa lori, na lori lilipoishiwa mafuta tukatembea, Koboko, Oraba, mpaka Kaya upande wa Sudan. Nilikuwa na miaka kumi. Babu yako alikuwa ametangulia na hatukujua yuko wapi. Bibi yako alibeba kichwani furushi la nguo na sufuria juu ya kata ya majani ya migomba, jerikeni mkononi, na mgongoni, amefungwa kwa kitenge, mtoto wa miaka minne mwenye homa. Piga hesabu, wewe ni nesi: mtoto yule peke yake alikuwa na kilo kama 15. Mimi nilitembea nyuma, kwa hiyo kilichonibaki machoni ni mgongo wa mama, na vigimbi vya miguu yake vikijifunga kama mafundo ya kamba kila tulipopanda mwinuko. Akisimama, alisimama ili mimi nipumzike.

Mtoto yule wa homa ni shangazi yako.

Hakuna aliyemwita mama yangu jike dume. Tuliporudi Bombo aliendelea kuchota maji, na jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu plastiki yenyewe, mara nne au tano kwa siku. Alipasua kuni, alitwanga. Mabega yake yalikuwa kama haya yako, na majirani walimsifu: mwanamke wa kazi. Nimekaa wiki nzima nikilitafakari hili. Nguvu za mwanamke hazimuudhi mtu zikibeba maji yetu, kuni zetu na watoto wetu. Wewe unaingia jimu saa kumi na mbili asubuhi kabla ya zamu, kwa pesa yako, unainua chuma cha kilo 60 na kukirudisha pale pale kilipokuwa. Hakijamletea mtu maji. Ninaamini hilo linamkera shangazi yako kuliko bega lenyewe, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Tena wamesahau ulianzaje. Mwaka wako wa pili kazini mgongo ulikukamata ukimgeuza mgonjwa kitandani, ukalala kwetu siku sita hata chooni unashikiliwa. Leo unawageuza wagonjwa wale wale na sijakusikia ukilalamikia mgongo tena.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Unajua nilikuwa mkufunzi wa mazoezi ya mwili jeshini. Kwenye bomba la kujivuta, makuruta wa kiume lazima kidevu kipite juu ya bomba mara nane. Wa kike niliwaambia waning'inie tu mpaka nihesabu ishirini, basi. Nilijiona mwenye huruma. Siku moja msichana mwembamba kutoka wilaya ya Kumi akaniuliza, "Afande, na mzigo wa vita wataupunguza nikifika?" Kikosi kizima kikanyamaza, wakingoja nimpe adhabu. Sikuwa na jibu. Jioni nikamwita yeye na wenzake wawili nikawaonyesha: ruka ushike bomba, kidevu kikiwa juu, kisha teremka polepole ukihesabu mpaka tano. Kesho tena. Viganja vikachubuka, vikapona, vikaota sugu. Wiki ya tisa alijivuta kutoka chini kwa nguvu zake mwenyewe, kidevu kikapita, akabaki pale juu kana kwamba hataki kushuka. Alimaliza mafunzo akifika mara sita. Ni kweli mwanamume huanza mbele kwenye mikono na kifua, sitakudanganya. Lakini nilichokuwa nikikiita maumbile ya mwanamke, sehemu kubwa ilikuwa uvivu wangu wa kufundisha. Ninaona aibu ya wale waliopita mikononi mwangu kabla ya msichana yule kuuliza.

Na si mimi peke yangu niliyekosea hivyo. Mwaka 1928, kule Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800 katika Olimpiki. Ikasemekana wamechoka kupita kiasi, mbio zile zikaondolewa, na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960. Miaka 32! Halafu mwaka 2019, Doha, Halimah Nakaayi wetu akatwaa dhahabu ya dunia katika mbio hizo hizo. Dorcus Inzikuru wa Arua aliposhinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000 kule Helsinki mwaka 2005, wanawake walikuwa hawajaruhusiwa kuzikimbia Olimpiki. Waliruhusiwa Beijing 2008. Hivyo vyuma unavyovipenda, wanaume walivinyanyua kwenye Olimpiki ya kwanza mwaka 1896, na wanawake wakakubaliwa Sydney mwaka 2000. Wewe ulikuwa umeshaanza kutembea. Na Peruth Chemutai alipotuletea dhahabu kutoka Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, sikusikia mtu hapa mtaani akisema miguu yake imekomaa mno. Tulipiga vigelegele. Shangazi yako alikuwepo, alipiga kuliko wote.

Wanaokwambia utageuka mwanaume hawajui mwili unavyofanya kazi. Misuli mikubwa ya mwanaume hujengwa zaidi na homoni ya testosteroni, na mwanaume mzima anayo zaidi ya mara kumi ya mwanamke. Mwanamke akinyanyua vyuma anapata nguvu haraka, unene wa misuli huja taratibu na kwa kiasi. Hapa ndipo nataka unisikilize kama baba na kama mkufunzi: mtu yeyote hapo jimu akikuletea sindano au vidonge vya kuharakisha, ondoka. Hizo ndizo zinazokoroga homoni, na sauti ya mwanamke ikishakuwa nzito kwa ajili yake inaweza isirudi tena. Kula mayai, maharagwe, karanga, mukene (dagaa), lala usingizi wa kutosha. Mwezi wa Ramadhani fanya mazoezi baada ya futari, usijitese mchana.

Mifupa nayo ni sehemu ya jambo hili, na imeingia nyumbani kwetu. Mfupa hukazwa na mzigo unaoubeba. Mwanamke huweka akiba ya mifupa mpaka miaka 30 hivi, na hedhi ikikoma akiba hiyo hushuka kwa kasi. Unakumbuka mamako alivyoanguka barazani mwaka juzi? Kimo cha ngazi moja tu, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari akasema mifupa imekuwa myepesi, akamshauri dawa, maziwa, na mazoezi ya kubeba uzito. Wakati ule tulidhani amekosea, mgonjwa wa mifupa abebeshwe mzigo? Wewe ndiye uliyetueleza. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Basi kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya chai, mamako anakaa kwenye kiti cha mbao pale uani, anasimama, anakaa, anasimama, mara kumi, ameshika jerikeni ya lita tano kifuani. Mwanzo aliijaza maji nusu. Sasa inajaa.

Kuhusu dini, kwa sababu shangazi yako aliileta pia: Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), na mara ya kwanza akamshinda. Nusaiba binti Kaab alisimama kwenye vita vya Uhudi na upanga, akamkinga Mtume kwa mwili wake. Mwanamke wa Kiislamu mwenye nguvu si mgeni katika dini hii. Stara ni jambo moja na misuli ni jambo jingine, ila watu huyachanganya. Ukipata jimu yenye saa za wanawake pekee, nenda, utakuwa na raha zaidi. Usipopata, vaa suruali pana na mikono mirefu kama unavyovaa, uendelee. Hilo nimekwisha kulisema na ndilo neno langu.

Watu wa posa wakija nitaketi nao mimi mwenyewe. Yeyote akiigusa habari ya mikono yako atanisikia mimi kwanza. Kijana mwenyewe nimemuuliza kwa simu, bila kukwambia, unisamehe. Akasema alianza kukupenda siku ulipomsaidia kusukuma gari lake kwenye tope la Wandegeya na hukungoja kuombwa. Nimempenda kwa jibu hilo.

Alhamisi nilikwenda kwa shangazi yako. Sikumgombeza, ni dada yangu. Nilimuuliza kama anaikumbuka safari ya Kaya. Akasema njia haikumbuki, anakumbuka harufu tu, moshi na jasho kwenye kitenge, na kitu kigumu chini ya shavu lake kikipanda na kushuka. Nikamwambia kile kitu kigumu kilikuwa bega la mama. Akaendelea kusuka kawa lake, vidole vikaenda mbio kuliko mwanzo, hakunijibu. Nilipoaga akaniuliza unakuja lini.

Njoo Jumamosi kama zamu inaruhusu. Mamako anaomba umletee kile chuma cha kilo saba ulichomwahidi, kwa sababu jerikeni imeanza kuvuja, na anasema lita tano hazimtoshi tena.

Ni mimi babako