Kaswida yangu wameirekodi wengine: je, ni kweli "dini haina hakimiliki"?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa madrasa Tanga, natunga kaswida. Moja niliyowatungia wanafunzi wangu kwa ajili ya maulidi imerekodiwa na kikundi kingine. Wameandika mtunzi ni ustadh wao, wameiweka YouTube na matangazo yanawaingizia pesa. Nilipowafuata waliniambia: "Dini haina hakimiliki, kumsifu Mtume si mali ya mtu." Tangu hapo nimeacha kutunga. Nikidai, nitakuwa nauza dini? Mahadhi yenyewe niliyatoa kwenye wimbo wa taarabu.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, limeniuma zaidi hilo la kuacha kutunga kuliko hizo pesa. Kudai haki yako si kuuza dini. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki ya utunzi inatambuliwa na sharia, ina thamani ya mali, na haijuzu kuivamia.

Wanaosema kinyume hushika hadithi ya mwenye kuficha elimu, kwamba atavishwa hatamu ya moto Siku ya Kiyama. Anayeonywa humo ni aliyeulizwa elimu akainyima. Wewe umeficha nini, na watoto wanaiimba hadharani? Wao hawakufichua kilichofichwa. Wamefuta jina na kuandika jingine, na kwa hilo Mtume (s.a.w.) amesema katika Bukhari na Muslim kuwa mwenye kujipamba kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Na kama malipo ya kaswida ni haramu, mbona wao wanayapokea? Sahaba aliyemsomea Fatiha mgonjwa akapewa kondoo hakukatazwa. Mtume alisema kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu (Bukhari). Huu ni umma wa isnadi, kila neno na msemaji wake. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, aliandika risala nzima kumkemea mtu aliyechukua kazi yake bila kumtaja.

Lakini haki hiyo ina mipaka. Maana ya kumsifu Mtume, bahari ya shairi na mtindo wa vina havimilikiwi na mtu. Maneno ya maulidi ya Barzanji ni ya wote. Mtunzi wake alifariki karne ya 18, na sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 hulinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayeiimba kaswida yako harusini usimfukuze. Mila yetu ya takhmisa ni hiyo hiyo: mshairi huchukua mishororo ya mwenzake, akaongeza yake, na kila mtu akajua ipi ni ya nani. Ukiufunga mlango huo utajinyima na wewe.

Mahadhi sasa. Kama mtunzi wa wimbo ule au warithi wake wanajulikana, waombe idhini kabla hujamdai mtu. Usipofanya hivyo, utakalowaambia wenzako watakurudishia.

Kisha kusanya ushahidi: daftari lenye mistari uliyokata na kuandika upya, rekodi ya kwanza ya simu na tarehe yake, mashahidi wawili wa mazoezi. Haki haingoji usajili, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hurahisisha kuithibitisha. Waandikie ukitaka jina lirudishwe na mgawo wa mapato, na masheikh wa mji wawe wasuluhishi. Wakikataa, peleka COSOTA. Usianze kwa kuiomba YouTube iiondoe: maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 huweza kufuta chaneli nzima, pamoja na kazi zao za halali. Ila usilale pia, kwa sababu msambazaji wao akiitia rekodi ile kwenye mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe sauti zilizosajiliwa, siku utakapopandisha yako utaambiwa wewe ndiye mwizi.

Siku nyingine ukitoa idhini, iandike: nani, kaswida ipi, sauti au video, muda gani, mgawo gani. Studio iliyorekodi isijifanye imetunga.

Rudi kwenye daftari, mwalimu. Ubeti wa mwisho tia jina lako, kama walivyofanya washairi wetu wa zamani, na ulifunge ndani ya kina, ili atakayetaka kulitoa avunje ubeti mzima.

Wallahu aalam.