Saikolojia kidato cha tano: usiitafute kwenye kombi

Dada, umeuliza kama mdogo wako hapo Tabora anaweza kusoma saikolojia kidato cha tano. Kwenye kombi zetu (michanganyiko ya masomo matatu) haimo, ataikuta chuoni. Achukue HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kutegemea kafaulu wapi. Baiolojia itamfaa, maana huko atakutana sana na ubongo na neva.

Ila asisubiri chuo ndipo aanze kuionja saikolojia. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akapima anavyozisahau. Zaidi ya nusu zilipotea ndani ya saa moja! Mimi nilijaribu hapa Ujiji kwa majina ya mifupa, nikisubiri daladala. Niliyoyarudia jioni, kisha keshokutwa, yalibaki. Yale ya kukesha usiku mmoja (ugonjwa wetu wa bweni) yaliyeyuka.