Bango la kufundishia lisomeke hadi benchi la nyuma

Kabla hujashika kalamu, pima chumba. Kwa kila mita 3 kati ya bango na msomaji wa mwisho, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Darasa la skuli la mita 8 linataka herufi za karibu sentimita 7, na karatasi ya A1, yenye kimo cha sentimita 84, itabeba mistari sita tu. Mabango mengi hayasomeki kwa sababu aya nzima ya kitabu imehamishiwa ukutani. Maelezo ni kazi ya mwalimu, bango lioneshe.

Chukua mafunzo ya kuchuma karafuu Pemba. Mkarafuu, ngazi, jamvi na mchumaji visirundikwe pamoja. Swali ni moja: kishada kipi kiko tayari? Chora vitatu, kila kimoja kikubwa kama sahani: kichanga cha kijani, kilichoanza kupiga wekundu huku vichwa, yaani matumba ya maua, bado vimefumba (hiki ndicho kilicho tayari), na kilichochanua. Vichwa vikuze kupita kiasi, maana ndivyo vinavyotofautisha. Jina liandikwe ubavuni mwa sehemu yenyewe. Ukiweka namba na orodha chini, jicho hupanda na kushuka mpaka mtu akapotea.

Kwenye kuanika, usichore kitu. Shonea vifuko vya plastiki inayoonesha: kimoja karafuu kavu nzuri, hudhurungi iliyokoza na vichwa vyake; cha pili zilizorundikwa mbichi zikavunda, zikapauka na kusinyaa; cha tatu makonyo, yaani vijiti vya kishada. Rangi zile hakuna kalamu ya kuzipata.

Mpangilio wa hatua nao una mtego. Aliyezoea msahafu huenda akaanza upande wa kulia, akaona karafuu inaanikwa kabla ya kuchumwa. Panga kutoka juu kwenda chini, kwa namba kubwa.

Andika kwa nyeusi au buluu iliyokoza. Njano juu ya nyeupe hupotea. Tofauti ya mbichi na iliyo tayari isibebwe na kijani na nyekundu peke yake, kwani wapo wasiozitenganisha rangi hizo.

Masika, karatasi ya manila hunywa unyevu ikajikunja, na selotepu ikaachia ukuta wa chokaa. Bango la kudumu lichore kwenye marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, lipigilie fito juu na chini. Fito ya chini hulinyoosha upepo ukiingia.

Kisha mwite mtu asiyejua somo, akae nyuma, umuulize: "Unaona nini?" Usimuulize "Umefahamu?", kwani ataitikia kwa heshima tu. Akitaja ngazi kabla ya kishada, ngazi ifutwe.