Shangazi, gizani nayumba kama mlevi

“Shangazi, nina miaka 63. Mchana natembea vizuri, lakini taa ikizimika nayumba kama mlevi. Hata nikinawa uso lazima nishike ukuta. Kizunguzungu sina, ila nyayo nazihisi kama zimevaa soksi. Wanangu wanataka nikae tu, na nimeacha kutoka jioni. Ndio uzee?” – Mwenye Hofu

Mama, pole sana. Usiusingizie uzee kabla miguu yako haijapimwa.

Mwili hujua umesimamaje kwa kutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo vya miguu. Kimoja kikipungua, viwili hukibeba. Gizani, au ukifumba macho ili unawe, umeyaondoa macho. Kama kasoro ingekuwa sikioni, aghalabu ungeona vitu vikizunguka, hasa ukigeuka kitandani. Basi mimi nazishuku nyayo, na hizo “soksi” ulizozitaja ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Kutembea ni kuanguka na kujidaka. Miguu yote miwili hukanyaga chini pamoja kwa takriban moja ya tano tu ya muda; muda uliobaki mguu mmoja hubeba mwili wote, nao mwili unaelemea mbele na upande hadi mguu wa pili utue mahali pa kuupokea. Wakati huo vidole vya mguu ulio hewani hupita sentimita 1 au 2 tu juu ya sakafu. Ubongo usipopata habari za unyayo, hatua hutua vibaya au vidole hujikwaa.

Nenda hospitali wiki hii. Omba upimwe sukari na vitamini B12, na ubebe dawa zako zote, za usingizi na za presha zikiwemo. Kama unatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, itaje, kwani hushusha B12, na upungufu huo ukiachwa muda mrefu mishipa ya fahamu inaweza isipone kabisa. Mwombe daktari akuwekee kile chuma kinachotetemeka kwenye kidole gumba cha mguu, aone kama unakihisi. Kuyumba kukija ghafla, pamoja na mdomo kupinda, maneno kukwama au upande mmoja kulegea, hicho huenda ni kiharusi: usisubiri hata saa moja.

Wanao wanakupenda, lakini kukaa kutakumaliza. Misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayozuia kiuno kisishuke mguu mmoja ukiwa hewani, nayo hulegea usipoitumia. Kila siku simama mbele ya meza nzito, mtu akiwa karibu. Weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, macho wazi, sekunde 10, kisha ongeza taratibu hadi 30. Halafu inuka kitini mara 10 bila kutumia mikono. Kufumba macho mwachie mtaalamu wa fiziotherapia.

Vaa viatu vyenye soli nyembamba, ngumu, vinavyoshika kisigino, ndala ziache. Washa taa ndogo kutoka kitandani hadi chooni.

Na jioni toka, Mama, ukiwa na tochi na bakora inayofika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukisimama wima. Hata kugusa ukuta kwa ncha ya kidole hupunguza kuyumba, kwa sababu mkono huuletea ubongo habari ambazo nyayo zimeshindwa kuzileta. Bakora hufanya kazi hiyohiyo mahali pasipo na ukuta.