Malaria Haipo, Homa Ipo

SWALI: Mama yangu anaishi upande wa Kinango. Mwezi uliopita alishikwa na homa kali na maumivu ya viungo hata asiweze kuinuka. Zahanati ilimpima malaria, haikuonekana, lakini akapewa dawa zake vivyo hivyo. Siku ya tisa nilimleta Mombasa, tukaambiwa muda wa kutafuta virusi umepita. Je, tulichelewa? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mlichelewea kipimo kimoja, si vyote. Virusi vya dengi, ambayo wazee waliita kidingapopo, na vya chikungunya, homa mbili zinazoenezwa na mbu, hupatikana kwa wingi katika damu siku tano hivi za mwanzo, na hapo ndipo kipimo cha PCR, kinachotafuta chembe za urithi za virusi, au cha antijeni ya NS1, yaani protini ya virusi vyenyewe, kwa dengi, huweza kuvigundua; baadaye mwili hutoa kingamwili za IgM, yaani kinga za mwanzo dhidi ya virusi, ambazo mama alistahili kupimwa siku ile ya tisa. Ni kweli kwamba kipimo huweza kuchanganya kingamwili za dengi na za virusi vingine vya jamii yake, hata zile zitokanazo na chanjo ya homa ya manjano, na kwa sababu hiyo IgM peke yake huonyesha kwamba huenda ni dengi bila kuthibitisha, mpaka damu ichukuliwe tena baada ya wiki mbili hivi na kulinganishwa na ya kwanza.

Kinachoniuma ni zile dawa za malaria. Mombasa ilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya mwishoni mwa 2017, kwa hiyo muuguzi wa Pwani akiona kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, angepaswa kuandika tarehe homa ilipoanza, kwani bila tarehe hiyo maabara haiwezi kuchagua kipimo kinachofaa, kisha apeleke damu ikiwa katika ubaridi.

Kabla haijajulikana kwa hakika kuwa si dengi, mgonjwa apewe parasetamo na maji ya kutosha, wala asipewe aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Akitapika mfululizo, akiumwa sana tumbo au akitoka damu kwenye fizi, hasa homa inapoanza kushuka, apelekwe hospitali mara moja.

Viungo vikiwa bado vinamuuma mama, mrudisheni apimwe IgM ya chikungunya, ambayo kwa kawaida bado huonekana mwezi mmoja baada ya homa.