Muulize Mwalimu: Historia kwa Kiingereza, Kemia kwa Kiswahili?

SWALI: Mwalimu, habari ya huko. Dada yangu ameolewa Italia, wanakaa Verona, na kijana wake ako mwaka wa tatu kwa zile shule za sekondari ya juu za lugha wanaita liceo linguistico. Sasa wameambiwa historia atasoma kwa Kiingereza na mwakani kutakuwa na somo lingine kwa Kijerumani. Dada ananipigia usiku amechanganyikiwa, ati mtoto atakosa historia na lugha pia. Mimi namwambia sisi huku tumesomea kila kitu kwa Kiingereza na tuko sawa tu. Nani anasema ukweli? – Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Mzazi, pole na hizo simu. Mwambie dada yako kwanza hilo halijatoka kwa mkuu wa shule moja, ni sheria ya nchi nzima iliyokuja na mageuzi ya 2010. Mfumo wenyewe unaitwa CLIL, yaani kufundisha somo na lugha ya kigeni kwa pamoja. Kwa liceo linguistico somo moja linafundishwa kwa lugha ya kigeni kuanzia mwaka wa tatu na lingine kwa lugha tofauti kuanzia mwaka wa nne, na walianza 2012. Liceo zingine na shule za ufundi wanazoita istituto tecnico ni mwaka wa tano tu, ule wa mwisho, na hizo za ufundi lazima iwe Kiingereza.

Hapo kwa "tuko sawa tu" ndio mimi nakataa. Huyo kijana alisoma miaka mitano ya primari, mitatu ya sekondari ya chini, miwili ya juu, yote kumi kwa Kiitaliano, kwa hivyo Kiingereza kinamkuta tayari anajua kusoma historia, anajua mkataba ni nini, anajua kuuliza nani aliandika hii na kwa nini. Mtoto wetu wa Nyalenda hapa Kisumu, sera ya Kenya inasema asomeshwe kwa lugha ya eneo mpaka Gredi ya 3 halafu Kiingereza kinachukua kila kitu, na shule nyingi za tauni hata hazingoji, zinaanza nacho nasari, basi anakutana na sayansi mpya na lugha mpya siku moja. Ndio, wengine tulipita. Lakini wale waliokaa kimya nyuma ya darasa mpaka wakaonekana hawana akili, hao tunawasahau tukisema tuko sawa, na hilo linaniuma sana manake wengi walikuwa na akili kutuliko.

Wasiwasi wa dada nao una msingi, juu kila kitu kinategemea mwalimu. Anayefundisha anafaa kuwa mwalimu wa historia mwenyewe, si yule wa Kiingereza, na sheria inamtaka awe na lugha kiwango cha C1, yaani ngazi ya tano kati ya sita za Ulaya, pamoja na kozi ya chuo kikuu ya mbinu za kufundisha. Shida ni kwamba walimu kama hao hawakutosha, kwa hivyo 2014 serikali ikakubali hata wa B2, ngazi moja chini, walio kwa masomo ya kufikia C1, na shule isiyo na mtu kabisa ikaruhusiwa kufanya projekti ambapo mwalimu wa somo na wa lugha wanashirikiana. Dada aende shuleni aulize bila kuona haya: anafundisha nani, ako ngazi gani, na ni vipindi vingapi (miongozo ya 2014 ilitamani ifike nusu ya vipindi vya somo, si lazima vyote). Pia aulize kama mtoto akikosea sarufi anapoteza alama za historia. Na nyumbani waendelee kuongea hiyo historia kwa Kiitaliano, hata Dholuo kama wako nayo, haimharibii chochote.

SWALI: Wanafunzi wangu wanakariri maana ya asidi na besi vizuri, mtihani ukisema "eleza" wanaandika orodha. Nikiingiza Kiswahili darasani naonywa. Huko Italia wanakatazana hivi? – Mwalimu wa kemia, Njoro

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kwa CLIL lugha ya mtoto haifukuzwi, inapangiwa kazi yake. Huko Wales tangu miaka ya 1990 wana mbinu ya kupokea somo kwa lugha moja na kulitoa kwa nyingine, makusudi kabisa. Jaribu na Ziwa Nakuru: waambie wabishane wawili wawili kwa Kiswahili, kwa nini maji yale yanageuza litmasi nyekundu, ile karatasi ya kupima asidi na besi, kuwa buluu na haya ya mfereji hayafanyi vile, waache wapige kelele dakika kumi. Halafu andika ubaoni mianzo mitatu ya sentensi za Kiingereza, zile za kuonyesha sababu na matokeo, kila mmoja amalizie kwa maneno yake. Kiingereza cha mtihani wanakipata, lakini wanakipata wakiwa na kitu cha kusema. Anayekuonya mwonyeshe huo mpango kwa leson plani yako. Hiyo kazi ya kupanga lugha ndani ya kemia ndiyo ningependa tuige Italia, na haihitaji pesa.

SWALI: Naweza kusoma jiografia kwa Kifaransa hapa kwetu? – Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Kijana, shule zetu za serikali zinafundisha Kifaransa kama somo tu. Italia wana mpango na Ufaransa uliokubaliwa 2009, unaitwa Esabac, mwanafunzi anasoma historia kwa Kifaransa na akipita anapata vyeti vya nchi zote mbili. Wewe anza na mada moja ambayo umeshaielewa darasani, mito ama mvua, usome hiyohiyo kwa Kifaransa, kisha umwombe mwalimu wako wa Kifaransa akusahihishe aya moja kila wiki.